Mbwa mpya hakuja kuziba pengo la Simba

Kila anayekuja nyumbani siku hizi akimwona Tunu, mbwa wetu mpya, anauliza lile lile, jamani mmeshamsahau Simba? Wengine wanauliza kinyume chake, mbona mlikaa muda wote ule bila mbwa na watoto wanalia? Naandika niwajibu wote kwa pamoja, na pia kwa ajili ya yule ambaye saivi ana bakuli tupu kwenye kona ya jiko na hajui alitoe au aliache pale pale, maana sisi tumepita humo.

Simba alikuwa mbwa wa kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama lingine limelala. Alikuja kwetu kabla mtoto wa kati hajazaliwa, kwaiyo wadogo wawili hawakuwahi kuijua nyumba isiyo na Simba. Alikuwa na tabia ya kulala amejinyoosha kizingitini, pua kaisukumia kwenye ule uwazi wa chini ya mlango, ukikaa kimya unasikia anavyovuta hewa ya nje kwa nguvu, na baba watoto akiwa bado mbali kabisa mkia unaanza kupiga sakafu, pu, pu, pu, basi tunajua huyo anakuja. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa akisikia ule mkia tu anainuka kuweka maji jikoni.

Uzee ukaja na ugonjwa wa figo. Alianza kunywa maji mno, unajaza bakuli linaisha, unajaza tena linaisha, akawa anakojoa hata ndani kitu ambacho hakuwahi kufanya toka akiwa mdogo, akakonda mpaka ukimpapasa mgongoni unahesabu mifupa, na mdomo ukaanza kutoa harufu kali. Daktari wa mifugo alipompima damu akatueleza kwamba figo za mbwa zinaficha sana maradhi, mpaka dalili zije zionekane sehemu kubwa, hata robo tatu, inakuwa imeshakufa na hairudi. Kwaiyo kama una mbwa mzee na unaona ameanza kunywa maji kuliko kawaida yake usingoje, mpeleke akapimwe. Simba tulimbadilishia chakula, akatundikiwa dripu, akasogea miezi kadhaa, na mwisho ikafika hataki hata kuinuka. Uamuzi wa sindano tuliufanya sisi wakubwa. Ni dawa ya usingizi kwa dozi kubwa, anasinzia kwanza, kisha pumzi na moyo vinasimama, dakika chache tu, na kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu.

Watoto tuliwaambia amekufa. Mama mkwe ndo alilisimamia hilo, alisema mkiwaambia amelala wataogopa kulala, mkiwaambia amesafiri watamsubiri mlangoni kila jioni. Na kweli maswali yalikuwa magumu lakini yalikuwa maswali ya kweli, kitindamimba akitaka kujua Simba anasikia baridi huko aliko au hasikii, wa kati yeye alinuna tu, hataki mtu amguse. Wakubwa wanaweza kusema ah, si mbwa tu, lakini kwa mtoto mara nyingi huo ndo msiba wake wa kwanza, na anaangalia nyie wakubwa mnalia au hamlii. Sisi tulilia mbele yao.

Sasa mbwa mwingine lini? Hapo kila mtu ana ushauri. Kuna ndugu alitaka kutuletea mbwa mdogo kwa kushtukiza, kwa nia njema kabisa, tukamwomba asifanye hivyo na ninashukuru alitusikiliza. Mimi naamini kabisa mbwa si kitu cha kumletea mtu mwenye msiba bila kumuuliza, kwa sababu yule mnyama anaingia kwenye nyumba ambayo hamna aliyemchagua, anakojoa kwenye kapeti na kulia usiku kucha kama watoto wa mbwa wote, na watu ambao mioyo yao bado iko kwa aliyeondoka wanamwangalia wanaona tu kwamba yeye si yule. Hilo si kosa la mbwa.

Wala mimi siamini kwamba kuna idadi ya miezi ya kungoja. Kuna nyumba zinakaa mwaka, kuna nyumba zinakaa wiki mbili, na wote wanaweza kuwa sawa. Kwetu kilichotusaidia kilianzishwa na baba watoto, jioni moja alitoa karatasi akasema kila mtu aandike anataka mbwa wa namna gani, asiyejua kuandika achore. Tukaandika, tukasoma kwa sauti. Wa kwanza, wa kahawia, mwenye kifua cheupe. Wa pili, awe analala mlangoni. Kitindamimba kachora mbwa ana sikio moja juu moja chini. Hata mimi nimeandika awe mtulivu, asibweke hovyo, ajue mtu akiwa mbali. Mama mkwe akazikusanya zile karatasi akasema, "Wanangu, hapa hamna aliyeandika mbwa. Hapa mmemwandika Simba."

Yaani kimya. Zile karatasi tukaziweka, hamna aliyezitupa, na tukakubaliana tutaandika tena siku ambayo mtu ataweza kusema anataka nini bila kumtaja Simba, wala kumtaja kwa kuzunguka. Ilichukua muda wake, siku yenyewe ikafika bila kulazimishwa, wa kati akiwa anakula akasema tu anataka mbwa anayependa kukimbia kwa sababu yeye anapenda kukimbia. Simba hakuwa wa kukimbia hata alipokuwa kijana. Nikamwangalia mume wangu, naye alikuwa ananiangalia.

Hili la kutaka yule yule arudi ni kubwa kuliko familia yetu, kuna watu wenye uwezo wanalipa kabisa watengenezewe nakala ya mbwa wao aliyekufa. Baba watoto aliingia kusoma habari za kloni usiku mmoja akaja kunisimulia. Mbwa wa kwanza duniani wa kloni alizaliwa Korea Kusini mwaka 2005, wakamwita Snuppy, na ili apatikane yule mmoja watafiti walipandikiza viinitete, yaani mimba changa kabisa, 1,095 kwa majike 123, wakazaliwa wawili tu na mmoja akafa mapema kwa nimonia. Fikiria hayo majike yote na operesheni zote hizo. Lakini kilichonishika mimi ni habari ya paka, CC, paka wa kwanza wa kloni, alizaliwa Texas kule Marekani mwezi wa Desemba 2001 kutokana na chembe za paka wa rangi tatu aliyeitwa Rainbow, na CC akatoka na manyoya ambayo hayakufanana na ya Rainbow. Chembe zile zile za urithi, rangi tofauti, kwa sababu mpangilio wa rangi zile unaamuliwa kwa namna yake kila kiumbe anapokua tumboni. Sasa kama hata manyoya hayarudi, ile tabia ya kulala kizingitini itarudije? Ile Simba aliipata kwa kuishi na sisi miaka yote ile.

Basi karatasi za mara ya pili zikawa na maswali ya maana. Nani yupo nyumbani mchana? Mama mkwe, na anatembelea fimbo, kwaiyo mbwa mkubwa mwenye kurukia watu hapana, akimwangusha tumekwisha. Nani atatoka naye asubuhi? Mkubwa na wa kati, na mimi nikaandika jina langu pia kwa sababu nawajua watoto, hamu ya mwezi wa kwanza si hamu ya mwaka wa tatu, na mbwa anaishi miaka 10 hadi 15, wale wadogo kwa umbo wanaishi zaidi na wale majitu wanazeeka haraka, Great Dane akifika 10 ameishi sana. Ukimchukua mbwa wakati mwanao ana miaka minane, mwanao atakuwa mtu mzima mbwa bado yupo. Hesabu hiyo ifanyike kabla.

Kuhusu mbegu, kila mtu mtaani ni mtaalamu. Mimi nitasema ninachokiamini, picha ndo inayowapoteza watu. Pug na Bulldog wana sura za kupendeza lakini ile pua iliyobonyea inawafanya wengi wapumue kwa shida maisha yao yote, wanakoroma, joto likizidi wanaweza kufa. German Shepherd ni mbwa hodari, ila mbegu yao inajulikana kwa matatizo ya nyonga, kwaiyo unatakiwa uulize nyonga za wazazi wake zimepigwa eksirei au la. Border Collie alizalishwa kuchunga kondoo kutwa nzima, ukimfungia uani bila kazi atajitafutia kazi na hutaipenda. Na mbwa koko, huyu chotara asiye na cheti, watu wanamdharau bure tu, Simba alikuwa koko na hatukuwahi kuona mbwa wa kumzidi. Tukakubaliana mbegu isitushughulishe, tuangalie umbo litakalokuwa, tabia, afya, na mama yake.

Mama yake nimemtaja makusudi. Sehemu ya kwanza tuliyoenda, muuzaji alitaka tukutane naye barabarani, mbwa wako kwenye boksi nyuma ya gari, mama yao "yuko mbali". Tukamwomba basi atupeleke hata siku nyingine, akabadilisha maneno. Wale watoto wa mbwa walikuwa wadogo kupita kiasi, hawajatulia miguuni, matumbo yamevimba huku mbavu zinaonekana, na tumbo la namna hiyo mara nyingi ni minyoo. Mbwa mdogo anatakiwa akae na mama na wenzake mpaka walau wiki ya nane, siyo kwa ajili ya maziwa tu, pale ndo anafundishwa kuuma kwa kipimo, akimng'ata mwenzie kwa nguvu mwenzie analia anaacha kucheza, anajua hapo nimezidisha. Ukimtoa mapema somo hilo utamfundisha wewe kwa vidole vya watoto wako. Tuliondoka. Kitindamimba alilia njia nzima kwa sababu mmoja wao alimlamba mkono, na mimi roho iliniuma kwa kuwaacha kwenye lile boksi, lakini ukimnunua mmoja kwa huruma yule mtu kesho anatafuta wengine kumi.

Halafu kuna pavo, na hapa naomba mtu asipite haraka. Ni kirusi cha mbwa kilichojulikana mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwaka 1978 kilikuwa kimeshaenea dunia nzima, kinashambulia utumbo, mbwa mdogo anatapika, anaharisha damu, anakauka maji mwilini, na asipotibiwa wengi wanakufa ndani ya siku chache. Kibaya zaidi hakifi kirahisi, kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, sabuni ya kawaida hakiijui, kinachokiweza kwenye sakafu ni dawa ya klorini iliyochanganywa na maji vizuri na kuachwa dakika kumi hivi kabla ya kusuuza. Kwaiyo kama mbwa wako wa mwanzo alikufa na pavo, usilete mtoto wa mbwa kwenye uwanja ule ule kabla ya kuongea na daktari, chukua mkubwa aliyekwisha chanjwa. Sisi Simba alikufa na figo na figo haziambukizi, lakini daktari alituuliza swali hilo kwanza kabla ya yote.

Na chanjo haitoshi moja, hapa ndo wengi wanapoumia wanasema nilimchanja mbona kafa. Mtoto wa mbwa anapata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama, na kinga ile ikiwa bado iko damuni inaizima chanjo, chanjo inakuwa kama haijachomwa. Hakuna anayejua kwa kila mbwa kinga ya mama inaisha wiki gani, ndo maana wanaanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudia kila wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Ukiacha katikati umemwacha wazi.

Tulimpata Tunu kwa watu ambao jike lao lilizaa bila wao kupanga. Walitufungulia mlango, mama yao alikuwa hapo hapo, jike jeusi la wastani, alitunusa akamgeukia mama mkwe akaweka kichwa kwenye goti lake. Mimi moyoni nilishaamua saa ile, kwa sababu mama mwenye hofu au hasira anawaachia watoto wake hofu, kwa damu na kwa kumwona, na huyu hakuwa nayo. Zile mbinu za kumpima mtoto wa mbwa wa wiki saba ukadai unajua atakuwa nani akikua siziamini sana, wanabadilika mno, ila mama yake ni mtu mzima, yuko mbele yako, mwangalie huyo.

Na jamani, katika uzao ule kulikuwa na mmoja wa kahawia. Kifua cheupe. Kitindamimba alikwenda moja kwa moja akapiga magoti, na mume wangu nilimwona anageuka kuangalia ukutani. Kakambwa kazuri, siwezi kusema uongo. Tukakaa chini wote, mwenye nyumba akawaachia wacheze, na mara funguo zikamponyoka mkubwa zikaanguka kwenye vigae, kelele kubwa. Wote walishtuka. Yule wa kahawia alikimbilia chini ya meza hakutoka tena mpaka tunaondoka. Mweusi mmoja, jike, alirudi nyuma hatua chache, akasimama, akainamisha shingo, akarudi polepole kuzinusa zile funguo, akaweka mguu juu yake. Kushtuka si neno, anayeshtuka akarudi ndo anaifaa nyumba kama yetu ambayo sufuria linaanguka kila siku na watoto wanapiga kelele. Yule wa kahawia anahitaji nyumba tulivu, watu wawili, hamna mbio. Tungemchukua kwa ajili ya rangi yake angeishi na hofu kwetu.

Hatukumchukua yeyote siku ile. Tulirudi nyumbani tukalala nalo, na ugomvi ulikuwepo, kitindamimba akisema sisi hatumpendi Simba ndo maana tumemwacha mtoto wake. Mtoto wake! Mkubwa ndo alimweleza, siyo mimi, alimwambia yule akija kwetu utamwita Simba, naye hatajua kwa nini kila siku unamkasirikia. Kesho yake tulimfuata Tunu, na yule wa kahawia baadaye tulisikia amechukuliwa na mama mmoja anayeishi peke yake.

Jina la Simba halikurudiwa, hilo tulikubaliana mapema. Mkanda wake wa shingoni uko kabatini, Tunu amenunuliwa wake. Bakuli tuliliosha tukampa, mama mkwe alisema bakuli ni bakuli.

Usiku wa kwanza alilia sana. Tuliweka boksi lake karibu na kitanda chetu, ndani kitambaa tulichokisugua kwa mama yake na chupa ya maji ya uvuguvugu imefungwa taulo, nikawa nanyoosha mkono tu anausikia ananyamaza. Watu wanasema mwache alie atazoea, mimi sikubali, katolewa kwa mama yake leo hii. Kukojoa ni kazi ya saa, mbwa wa miezi miwili anaweza kujizuia saa mbili hivi mchana, akiamka, akila, akimaliza kucheza, unambeba nje, akifanya unamsifia pale pale. Kumsukumia pua kwenye mkojo wake ni ukatili na hajifunzi kitu zaidi ya kukuogopa wewe. Na kwa kuwa hajamaliza chanjo hatumweki chini njiani, ila umri huu, wiki ya tatu mpaka ya 14 hivi, ndo anaandika kichwani dunia ina vitu gani vya kawaida, kwaiyo tunatoka naye tumembeba, anaangalia pikipiki, miavuli, watu wenye kofia, watoto wa shule wakipita. Mikono inauma lakini inalipa.

Hafanani na Simba kwa lolote. Simba mvua ikinyunyiza tu amejificha, huyu anaingia kwenye beseni la kufulia akakaa. Kizingiti hana habari nacho, analala miguuni kwa mama mkwe, kichwa juu ya kandambili. Mume wangu akirudi hamna mkia unaompokea mapema, mlango unafunguka ndo Tunu anashtuka usingizini anakuja mbio anateleza, na siku za mwanzo mimi pale ndo nilikuwa nalia, ile saa ya kimya kabla ya mlango. Bado kuna siku nalia. Kitindamimba aliniuliza, mama nikimpenda Tunu, Simba atakasirika? Nikamwambia wewe ulipozaliwa kaka zako hawakupunguziwa chochote. Akafikiri, akaniuliza una uhakika? Nikamwambia nina uhakika.

Wiki ijayo anachomwa chanjo ya mwisho ya mfululizo pamoja na ya kichaa cha mbwa, hiyo inaanzia miezi mitatu na haina mjadala, karibu watu wote wanaopata kichaa hicho duniani wanakipata kwa mbwa na dalili zikishatokea hamna dawa. Daktari amesema baada ya hapo tusubiri kidogo halafu aanze kutembea nje kwa miguu yake. Wa kati ameshatoa viatu vyake vya mbio kabatini.